Somo: Kufuatilia mlipuko wa nova kibete SS Cygni ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Kiangazi chetu, Juni hadi Oktoba, ndicho msimu ambao SS Cygni iko juu usiku, kwa hiyo Mbeya, Iringa na Njombe tuna nafasi nzuri ya kuifuatilia.

SS Cygni ni nyota mbili zinazozungukana kila baada ya saa 6.6. Mojawapo ni kibete cheupe, yaani kiini kidogo kizito kilichobaki cha nyota iliyokufa, nacho kinavuta gesi ya mwenzake, na gesi hiyo inajikusanya kwenye sahani inayokizunguka. Ikirundikana vya kutosha, hidrojeni hupata joto na kupoteza elektroni zake, mnato wa gesi huongezeka, na sahani humiminika ndani kwa kasi huku ikiwaka. Nyota hupanda kutoka magnitudo (kipimo cha mng'aro) 12 hadi 8 na kitu, karibu mara 40 ya mng'aro (namba ikipungua, mng'aro umeongezeka). Kupanda huchukua siku moja hivi. Kushuka ni taratibu zaidi. Wastani ni mlipuko mmoja kila wiki 7, lakini usiutegemee: mapengo hayalingani hata kidogo.

Vifaa. Binokula ya 10x50 penye giza zuri hufika magnitudo 9.5 hivi, kwa hiyo itakuonyesha kilele tu. Darubini ya kipenyo cha milimita 150 itaiona hata ikiwa imetulia. Chukua ramani ya bure kwenye tovuti ya AAVSO, chama cha Marekani cha tangu 1911. Humo namba iliyo kando ya nyota ni magnitudo yake: 96 maana yake ni 9.6, nukta imeondolewa isidhaniwe kuwa nyota. Funika tochi kwa karatasi nyekundu.

Mahali. Ukiwa Mbeya, nyota hii haivuki nyuzi 38 juu ya upeo wa kaskazini, na upande huohuo ndiko zilikosimama Loleza na kilele cha Mbeya. Usikae chini ya milima. Sogea Uyole au Usangu. Katikati ya Agosti hufika juu kabisa kama saa saba kasoro usiku, katikati ya Oktoba kama saa tatu kasoro robo.

Kuipata. Tazama kaskazini, tafuta Deneb, nyota kali ya kundinyota la Dajaja (Cygnus). Nyuzi 9 kulia kwake, karibu upana wa ngumi mkono ukinyooshwa, kuna Rho Cygni. Panda nyuzi 2 na nusu, ukielekea kulia, hadi 75 Cygni yenye wekundu. SS Cygni iko nusu nyuzi kulia kwake, chini kidogo. Kwa binokula geuza ramani juu chini, maana sisi tunaitazama kaskazini ikiwa chini. Hapa ndipo wengi hupotea.

Kukadiria. Kaa gizani dakika 20 kwanza. Chagua nyota mbili za kulinganishia, moja kali kidogo kuliko SS Cygni, nyingine hafifu kidogo. Tuseme ni 85 na 96, na yetu iko katikati: andika 9.0 au 9.1. Ilete kila nyota katikati ya lenzi kwa zamu, utazame kwa muda mfupi. Ukiikazia macho nyota nyekundu, itaonekana kung'aa kuliko ilivyo. 75 Cygni isitumike kulinganishia. Ikiwa inapanda, kadiria kila dakika 20. Ikishafika kilele, mara moja kwa usiku inatosha. Usipoiona, andika nyota hafifu kabisa uliyoiona: <9.5. Maana yake, SS Cygni ilikuwa hafifu kuliko 9.5. Rekodi hiyo ina thamani kamili, kwa sababu ndiyo inayobana saa ambayo mlipuko ulianza.

Saa. Ripoti hutumia saa za dunia, UT. Chukua saa yetu ya usiku, ongeza 15: saa 3:20 usiku ni 18:20 UT. Tarehe ya UT haibadiliki hadi saa 9 usiku, kwa hiyo makadirio ya saa 7 usiku bado ni ya tarehe ya jioni iliyopita. Kosa hili huhamisha mlipuko siku nzima.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Septemba huku Iringa watu wanachoma mashamba. Moshi hauharibu makadirio?*

Marahaba. Unapunguza nyota zote, ila nyota za kulinganishia zilizo karibu hupungua sawa na yetu, hivyo tofauti inabaki. Usichukue nyota ya mbali. Moshi ukitembea vipande vipande, acha.

*Niko Makete, umande unafunika lenzi baada ya nusu saa.*

Viringisha karatasi ya manila iwe bomba mbele ya darubini, urefu mara moja na nusu ya kipenyo. Usifute lenzi kwa nguo: utaikwaruza, na umande utarudi palepale.

*Makadirio yangu yamepishana na ya wenzangu kwa 0.2. Nirekebishe?*

Hapana. Tofauti hiyo ni ya kawaida kwa macho. Ukirekebisha baada ya kuona namba za wengine, umefuta kipimo chako.

*Masika je?*

Mawingu yakipasuka, Desemba hadi Aprili tazama U Geminorum, nova kibete nyingine: hutulia kwenye magnitudo 14, hupanda hadi karibu 9. Kusini kuna nova kibete VW Hydri, inayolipuka kila wiki 4 hivi, lakini Mbeya haizidi nyuzi 28. Anza nayo Desemba au Januari, na upeo wa kusini uwe wazi.