Seva ya nyumbani Tanga: ijiamkie yenyewe umeme ukirudi

Seva yangu, yaani kompyuta inayohifadhi faili na kuzigawia nyumba nzima, inakaa juu ya kabati la vyombo, sebuleni kwa mama, Makorora. Ni kompyuta ya mkononi (laptopu), ThinkPad T430, kioo kimepasuka kona moja na herufi mbili za kibodi hazibonyezeki. Ndiyo sababu niliipata kwa bei ya chee, na seva haina shida na kioo wala kibodi. Imebeba kaswida za mama, picha za ukoo, mitihani ya zamani ya wanafunzi wangu wa hisabati, na Wikipedia ya Kiswahili nzima kwa programu ya Kiwix. Watoto wa jirani huja kuisoma kibarazani kwa waifai yetu, bando la mtu haliguswi.

Kusimika Debian, mfumo endeshi wa seva hii, sikuelezi, kunajieleza kwenyewe: unaiandika kwenye fleshi, unafuata maswali, na ukifika kwenye orodha ya mazingira ya dawati unaondoa alama zote, unabakisha seva ya SSH (njia ya kuiongoza mashine kutoka kompyuta nyingine) na zana za kawaida. Ninachotaka kukueleza ni kilichonisumbua mimi, nacho ni kuifanya mashine iamke yenyewe umeme ukirudi, mwenyewe haupo na aliyepo nyumbani hajui hata jina lake.

Nilikwenda Lushoto msibani, siku nne. Siku ya pili mama akapiga simu.

"Mwanangu, hii redio yako imekufa."

"Shikamoo mama. Taa inawaka?"

"Marahaba. Taa inawaka, lakini kaswida hazitoki. Niichomoe?"

Nikamwambia aiache. Niliporudi nikafunua kioo, nikakuta mashine imesimama katika hali ya dharura, inadai nywila ya root, yaani msimamizi mkuu. Waya wa diski ya nje ulikuwa umelegea, nadhani wakati wa kupangusa vumbi. Umeme ulipokatika na kurudi, mashine ikaitafuta diski, ikaikosa, ikagoma kuendelea. Siku tatu imewasha taa bure.

Basi tuanze na umeme. Laptopu naipendekeza kuliko kompyuta ya mezani kwa sababu inakuja na betri yake. Yangu hula wati 15 hivi ikiwa haina kazi kubwa, kwa siku 30 ni kama uniti 11 za Luku. Kwanza izuie isilale unapofunika kioo. Fungua /etc/systemd/logind.conf, andika:

HandleLidSwitch=ignore

kisha washa upya. Pili, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine (ThinkPad ni F1 wakati inawaka), tafuta sehemu ya umeme, uwezeshe kipengele cha kujiwasha chaja inapopata umeme. ThinkPad nyingi wanakiita Power On with AC Attach. Laptopu nyingine hazina kitu hicho. Uliza kabla hujatoa hela. Kompyuta za mezani kwa kawaida zinacho, kwa jina jingine.

Betri inayokaa kwenye chaja mwaka mzima imejaa hadi mia, katika joto la pwani, huvimba. Mimi nimeshaitoa moja imetuna kama andazi. Weka programu iitwayo tlp, halafu ndani ya /etc/tlp.conf ondoa alama ya # kwenye mistari hii miwili na uiandike hivi:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Umeme ukikosekana muda mrefu, betri itakwisha na mashine itakata roho katikati ya kuandika faili. Afadhali ijizime kwa adabu ikiwa bado ina pumzi. Andika faili /usr/local/bin/betri:

#!/bin/sh
b=/sys/class/power_supply/BAT0
if [ "$(cat $b/status)" = "Discharging" ] && [ "$(cat $b/capacity)" -lt 15 ]; then
/sbin/poweroff
fi

Ipe ruhusa kwa chmod +x, kisha kwa sudo crontab -e ongeza:

*/2 * * * * /usr/local/bin/betri

Kila dakika mbili inatazama. Ikizima kwa asilimia 14, umeme ukirudi chaja itaiamsha. Ruta nayo itafutie kibetri chake kidogo, maana seva iliyo macho huku ruta imelala haimfai mtu.

Sasa ile diski. Pata nambari yake kwa sudo blkid, kisha kwenye /etc/fstab andika mstari mmoja, /srv/hazina ikiwa folda ambamo diski itaonekana:

UUID=nambari-yako /srv/hazina ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2

Neno lililonikosesha usingizi ni nofail. Bila hilo, diski ikikosekana mashine inasimama. Ukiliweka, inaendelea na maisha bila kuingoja diski, na wewe unaweza kuingia kwa SSH kutoka popote pale nyumbani ukaangalia kulikoni.

Lakini hapo umefungua mlango wa balaa jingine, na hili usilipite mbio. Diski isipounganishwa, /srv/hazina bado ipo, ila ni folda tupu iliyo kwenye diski ya ndani. Nakala ya akiba ya usiku inakuja na rsync, programu ya kunakili faili, na kama wengi tunavyofundishana umeipa --delete, yaani kisichokuwepo kwenye chanzo kifutwe na kwenye nakala. Chanzo ni tupu. Rsync, mtiifu kama mwanafunzi wa zamu, inafuta nakala yote. Yalinikuta, na nakala ya picha za harusi ya dada yangu ilinusurika kwa sababu moja tu: diski ya nakala ilikuwa kwake Pongwe wiki hiyo.

Tangu hapo skripti yangu ya usiku inaanza kwa kuuliza:

mountpoint -q /srv/hazina || exit 1
mountpoint -q /srv/akiba || exit 1
rsync -a --delete --max-delete=200 /srv/hazina/ /srv/akiba/

Mistari miwili ya mwanzo inahakikisha diski zote mbili, hazina ambayo ni chanzo na akiba ambayo ni nakala, zipo kweli. Ile max-delete inaweka kikomo: faili 200 zikishafutwa, rsync haifuti zaidi na inalalamika. Ongeza na hili: diski ikiwa imetolewa, toa amri sudo chattr +i /srv/hazina, na /srv/akiba vilevile. Folda tupu haitakubali kuandikwa kitu, kwa hiyo hakuna programu itakayoijaza diski ya ndani ikidhani inaandika kwenye ya nje. Diski ikirudi mahali pake, kufuli hilo haliihusu.

Nakala iliyo kwenye kabati lilelile si nakala ya kutegemea. Nina diski mbili za akiba, moja hapa na moja Pongwe, na kila ninapokwenda kumsalimia dada nazibadilisha. Mwanzo alidhani namfuata kwa upendo.

Usalama, kwa ufupi. Tengeneza ufunguo kwa ssh-keygen, uupeleke kwa ssh-copy-id, ukishahakikisha unaingia nao, weka PasswordAuthentication no kwenye /etc/ssh/sshd_config. Usifungue milango ya ruta kwenda nje. Ukitaka kuifikia seva ukiwa safarini, tumia WireGuard au Tailscale, programu za kutengeneza njia ya faragha ndani ya intaneti. Hiyo ya pili hufanya kazi hata kwenye intaneti ya laini ya simu, ambako wateja wengi huchangia anwani moja ya nje. Masasisho ya usalama yaachie unattended-upgrades, mengine fanya mwenyewe kwa sudo apt update na sudo apt upgrade siku ambayo bando limenenepa.

Sasa hewa yetu. Upepo wa bahari una chumvi, nami nimeona skrubu zikishika kutu ndani ya mashine ambayo haijawahi kutoka nje. Iweke juu, mbali na dirisha. Mara mbili kwa mwaka mimi naifungua: vumbi napuliza huku nimeshika feni isizunguke, vipande vya RAM natoa na kusugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli. Kompyuta inayowaka na kuzima bila sababu, anza hapo kabla hujaipeleka kwa fundi. Na angalia chini ya feni. Mjusi kafiri anapenda joto. Mimi nilikuta mayai mawili. Wakati wa masika radi zikianza, chomoa chaja na waya wa ruta, betri ipo kwa siku kama hizo.

Afya ya diski naitazama kila mwezi kwa sudo smartctl -A /dev/sda, jina la diski likiwa lako. Macho yako yaende kwenye Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Sifuri ni dalili njema. Namba ikipanda mwezi hadi mwezi, nunua diski nyingine leo. Na mashine ikizima kiajabu usiku, journalctl -b -1 -e itakuonyesha maneno yake ya mwisho kabla ya kuzima.

Ukimaliza yote, usingoje umeme ukatike wenyewe. Chagua Jumamosi asubuhi, zima swichi kuu ya nyumba ukiwa umeshamwomba mama radhi na friji haina samaki. Acha betri ishuke hadi mashine ijizime. Washa swichi, ukae kibarazani, usiiguse. Rudia mara ya pili ukiwa umechomoa waya wa diski ya nje. Mtihani wangu wa mwisho niliufanya hivyo, diski ikiwa imerudi mahali pake, saa nne asubuhi, nikiwa na kahawa. Dakika tatu hazijatimia, ndani kaswida zikaanza, na mama akaita kutoka jikoni nipunguze sauti ya redio.