Namna ya Kuijenga Kazi ya Uigizaji wa Jukwaani na wa Sauti katika Tamthilia za Muziki

Mwigizaji wa tamthilia ya muziki huigiza, huimba na kucheza katika onyesho moja mbele ya hadhira, ilhali mwigizaji wa sauti hufanya kazi yake katika chumba kilichofungwa, mbele ya maikrofoni, bila mtu wa kumpigia makofi. Wengi huzichukulia kuwa kazi mbili zisizohusiana, na hapo ndipo wanapojinyima riziki. Lea Salonga, mwigizaji na mwimbaji kutoka Ufilipino, aliigiza mhusika mkuu wa tamthilia ya muziki ya Miss Saigon jijini London mwaka 1989, akapata Tuzo ya Tony, ile ya maonyesho ya jukwaani ya Broadway jijini New York, mwaka 1991 kwa nafasi hiyohiyo, kisha katika filamu ya katuni ya Aladdin ya mwaka 1992 akaimba nyimbo za binti mfalme Jasmine, huku maneno ya kawaida ya mhusika huyo yakisemwa na mwigizaji mwingine. Kilichomvusha kutoka jukwaani hadi studio ni kile ambacho kila anayeanza anapaswa kukitafuta kabla ya kitu kingine chochote, yaani uwezo wa kumfanya msikilizaji aamini kwamba maneno yanazaliwa papo hapo yanapotamkwa.

Kwa hiyo anza na maneno, si na tuni. Chukua mashairi ya wimbo unaoujifunza, uyaandike upya kwa mkono kama barua ya kawaida, bila beti wala vina, kisha uyaseme kwa sauti ukimlenga mtu mmoja tu unayemfahamu moyoni. Jiulize unamtaka afanye nini, na ni kitu gani kimebadilika kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho, kwa sababu katika tamthilia nzuri ya muziki mhusika huimba pale ambapo maneno matupu hayamtoshi tena. Ukishaweza kuyasema kwa namna tatu tofauti, yaseme kwa kufuata mapigo ya muziki, na hatimaye ndipo uongeze tuni.

Anayeimba kwa Kiswahili ana jambo la ziada la kuangalia, nalo ni mkazo. Kwa kawaida mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni haijali jambo hilo. Neno "nitarudi" lina mkazo kwenye "ru". Mtunzi akiweka noti ndefu na ya juu kwenye "di", mwimbaji asiye mwangalifu atapaza silabi hiyo ya mwisho mpaka ahadi igeuke kelele. Neno "barabara" ni gumu zaidi, kwani mkazo ukihama, njia ya kupitia magari hugeuka kuwa jambo lililofanywa sawasawa. Suluhisho ni kuipa silabi yenye mkazo uzito wa konsonanti na pumzi hata kama noti yake ni fupi, na kuilegeza ile ndefu inayoifuata. Zoezi hili linachosha, na sijaona jingine linalomtofautisha haraka mwigizaji anayeimba na mwimbaji aliyevalishwa mavazi ya mhusika.

Kuhusu utunzaji wa sauti, kumbuka kwamba katika majumba makubwa ya New York na London ratiba ya kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki, na nyuzi za sauti hazina vipuri. Maji unayokunywa hayapiti juu ya nyuzi hizo, kwa kuwa hushuka kwenye umio. Hufika kwa kuzungukia mwilini, na ndiyo maana glasi ya dakika ya mwisho nyuma ya pazia haisaidii kama maji yaliyonywewa tangu asubuhi. Pasha sauti moto kwa kutetemesha midomo kama mtoto anayeiga gari, au kwa kuimba kupitia mrija ambao ncha yake imezama kidogo katika glasi ya maji. Sauti ikichoka, nyamaza kabisa badala ya kunong'ona, kwa sababu kwa watu wengi kunong'ona nako hukaza koo. Ukwaruzaji ukipita wiki tatu, mwone daktari wa masikio, pua na koo, wala usisubiri msimu uishe.

Usaili ni mfupi mno, na unastahili maandalizi marefu. Mara nyingi utaombwa vipimo 16 tu vya wimbo, yaani vile vipande vidogo vya mapigo vinavyogawa muziki, ambavyo katika mwendo wa wastani havifiki dakika moja. Chagua sehemu yenye mabadiliko ya nia ndani yake, si ile yenye noti ya juu kuliko zote. Weka karatasi za noti za wimbo katika faili lenye pete, kurasa zikiwa zimechapwa pande mbili ili mpiga piano asifunue mara kwa mara, katika ufunguo (kiwango cha juu au cha chini cha tuni) unaouimba wewe hasa, na alama za mwanzo na mwisho ziwe wazi. Ukimfikia, msalimu, mwonyeshe unapoanzia na unapoishia, kisha mwimbie kwa sauti ya chini mstari wa kwanza kwa mwendo unaoutaka. Usimpigie vidole wala makofi kumpa mwendo. Huyo ndiye mtu pekee chumbani anayefanya kazi pamoja nawe kwa dakika ile, na heshima unayompa huonekana na wote waliokaa mezani. Ukimaliza, baki katika hisia ya mhusika kwa pumzi moja, kisha shukuru na utoke bila kuomba radhi kwa lolote.

Ukipewa nafasi ya mwigizaji wa akiba, ipokee. Baadhi yao hujifunza nafasi nyingi za kundi zima na huingia jukwaani kwa taarifa ya muda mfupi, hivyo huandika daftari la kila nafasi kwa kufuata namba zilizowekwa ukingoni mwa jukwaa, sifuri ikiwa katikati. Kwa maoni yangu hakuna shule bora kuliko hiyo.

Studio inadai nidhamu nyingine. Maikrofoni husikia kile ambacho hadhira haisikii: saa ya mkononi, kitambaa cha nailoni kinachosugua kiti, tumbo lenye njaa, ukurasa unaofunuliwa. Vaa pamba, kula chakula chepesi mapema, na usimame umbali wa sentimita 15 hadi 20. Weka kiganja mbele ya mdomo na useme "paa" kwa nguvu. Ule upepo unaougusa mkono ndio unaolipuka katika rekodi, na dawa yake ni kugeuza uso kidogo pembeni ya maikrofoni, si kuidhoofisha herufi. Ule mwili uliozoea kutembea jukwaani usiufunge pia. Mhusika akibeba mzigo, kaza misuli ya tumbo na mikono. Akitabasamu, tabasamu kweli, kwa kuwa umbo la mdomo husikika. Ukirekodi nyumbani, kabati lililojaa nguo huzuia mwangwi vizuri kuliko chumba kikubwa kitupu. Sampuli ya sauti unayowatumia wanaotafuta waigizaji isizidi dakika moja na nusu, na kazi bora kuliko zote iwe ndani ya sekunde 10 za mwanzo, kwani wasikilizaji wengi hawaendelei zaidi ya hapo.

Usisaini mkataba kabla ya kuelewa sauti yako itatumika wapi, kwa muda gani, na kama malipo yanaongezeka rekodi ikitumika tena. Nchini Marekani chama cha Actors' Equity kimekuwepo tangu mwaka 1913 kwa ajili ya waigizaji wa jukwaani, na mwaka 2024 waigizaji wa michezo ya video nchini humo waligoma, ulinzi dhidi ya akili mnemba ukiwa hoja kuu. Tafuta hasa kifungu kinachomruhusu mwajiri kutumia rekodi zako kutengeneza sauti bandia inayofanana na yako. Ukikikuta, omba kiondolewe au kiandikwe upya kikitaja kazi moja, muda wake na malipo yake, kabla hujaingia studio.