SOMO: Malaria imeonekana kwenye damu, lakini je, ndiyo inayomuumiza mgonjwa?

Somo hili ni kwa wenzangu wa maabara, waganga na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, hasa sisi wa Kanda ya Ziwa na majirani zetu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kivu, mashariki mwa Kongo. Huku kwetu mwenye homa anapimwa malaria, ikionekana anaandikiwa mseto na kurudi nyumbani. Mara nyingi ni sawa kabisa. Ila kumwona mdudu kwenye damu kunakuambia mdudu yupo, basi. Kama ndiye anayemlaza mgonjwa huyu leo, hilo ni swali jingine. Watu wazima waliokulia penye malaria hutembea na vimelea mwilini huku wanalima na kufanya biashara zao. Mmoja wao akipata Marburg, homa ya virusi ya jamii moja na Ebola, kipimo chake cha malaria kinaweza kutoka chanya vilevile.

Haya hayakuanza jana. Yambuku, Kongo, mwaka 1976, mgonjwa wa kwanza kujulikana wa Ebola alikuwa mwalimu wa shule aliyedungwa klorokwini katika hospitali ya misheni kwa kudhaniwa ana malaria. Wauguzi pale walikuwa wakipewa sindano tano kila asubuhi, zinazunguka kwa wagonjwa wote. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo aliyetumwa kutoka Kinshasa, aliwatoa damu wagonjwa kwa mikono mitupu na akashangaa kuona matundu ya sindano hayaachi kuvuja. Kikwit, Kongo hiyo hiyo, 1995, fundi wa maabara mwenye Ebola alipasuliwa akidhaniwa utumbo umetoboka, na waliomfanyia upasuaji wakaambukizwa. Rwanda, 2024, wagonjwa wa Marburg walikuwa 66 na waliofariki 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Marburg ya Kagera sina haja ya kuwasimulia: Bukoba Vijijini Machi 2023, Biharamulo Januari 2025.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujatoboa kidole

Maswali haya yanachukua dakika mbili na hayahitaji kitendanishi. Homa ina siku ngapi? Siku 21 zilizopita umesafiri wapi? Umeuguza mtu, umeosha maiti au kushika mwili msibani? Umeingia pangoni au mgodini kwenye popo? (Marburg ya Kitaka, Uganda, mwaka 2007, iliwapata wachimbaji wa mgodi wenye popo wala matunda.) Umechinja au kushika mnyama aliyejifia, au mifugo yako inatoa mimba? Umechomwa sindano wapi kabla ya kuja hapa? Unafanya kazi hospitalini?

Msisubiri damu puani ndipo mshtuke. Wengi wa wagonjwa hawa hawavuji damu kabisa, na anayevuja huwa ameshachelewa. Siku za mwanzo ni homa, kichwa, misuli kuuma na uchovu usio wa kawaida, yaani malaria tupu kwa kuangalia. Baadaye ndipo kuharisha na kutapika vinaanza. Macho mekundu, koo linalouma akimeza, na kwikwi zisizokatika kwa mgonjwa mwenye homa vituweke macho mimi na wewe.

Hatua ya 2: Chagua njia

Akiwa na homa pamoja na jibu moja la kutia shaka hapo juu, simamisha. Asikae kwenye benchi na wengine. Mpeleke chumba cha peke yake, mtaje kwa mganga mfawidhi na mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya. Kwa Tanzania namba 199 ni ya bure. Damu yake haiingii kwenye foleni ya maabara ya kawaida: hakuna picha kamili ya damu, hakuna sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu), hakuna BS (damu ya kwenye slaidi inayosomwa kwa hadubini). MRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, inaweza kufanyika pale pale kitandani, na aliyevaa mavazi kinga kamili, lanseti na kifaa vyote viishie kwenye sefti boksi na mfuko wa taka za hatari wa chumba hicho.

Kwa nini nakataza BS? Slaidi ya BS ina tone nene na tone jembamba la damu. Tone nene halitiwi methanoli, spiriti ya kugandisha damu kwenye slaidi. Linakauka, halafu linaingia kwenye rangi likiwa bichi. Tone jembamba angalau linagandishwa kwa methanoli. Kama kuna virusi, slaidi ya tone nene ni ya kuogopwa tangu mezani hadi kwenye sinki.

Asiye na shaka aendelee na njia ya kawaida, glavu mkononi kama siku zote.

Hatua ya 3: MRDT

Fuata karatasi ya kifaa chako, si ya kile cha mwaka jana. Maji ya boksi hili yasitumike na kifaa cha boksi lile. Soma kwa muda ulioandikwa, wala usikiache ukanywe chai ukarudi, maana mstari unaweza kujitokeza baadaye ukakudanganya.

Vifaa vingi tunavyotumia vinatafuta HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo aliyemaliza mseto wiki mbili zilizopita atatoka chanya leo hata kama homa yake ni ya kitu kingine. Muulize: “Ulitibiwa malaria lini?” Andika jibu kwenye fomu.

Hatua ya 4: BS

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yetu inapoonekana.

Tone nene liwe na upana wa kama sentimita moja, na likiwa bado bichi uweke slaidi juu ya gazeti: maandishi yasomeke kwa shida. Likiwa zito zaidi litabanduka kwenye rangi. Likaushe lenyewe, likiwa limelala, mbali na jua na jiko, kwani joto linaligandisha na chembe nyekundu hazitapasuka. Lifunike. Nzi na mende hula damu ya slaidi, na utajiuliza matundu yale yametoka wapi.

Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, maji ya kuchanganyia yawe na pH (kipimo cha uchachu) 7.2. Maji ya bomba ya sehemu nyingi hayafai bila bafa, dawa ya kuiweka pH sawa. Ukiona slaidi zako zote nyekundunyekundu na viini vya vimelea havionekani, shuku maji kabla ya kumshuku mtoa damu. Osha taratibu kwa maji yanayopita pembeni, usiyamwage juu ya tone.

Lenzi ya 100 na mafuta. Usiandike “hakuna vimelea” kabla ya kupita fildi 100, yaani maeneo 100 ya kuangalia kwenye lenzi. Ukiviona, vihesabu. Kwa chembe nyeupe 200, zidisha idadi ya vimelea kwa 8,000 (chembe nyeupe zinazokadiriwa katika mikrolita moja ya damu) kisha gawanya kwa 200. Vimelea 150 ni 6,000 kwa mikrolita. Wengine bado wanaandika misalaba, moja, mbili, tatu. Misalaba haimwambii daktari kitu. Namba inamwambia.

Na namba ndiyo inayorudi kwenye swali letu. Mtu mzima mwenyeji wa Muleba, kalala hoi, anatapika, macho mekundu, vimelea 200 tu kwa mikrolita: tibu malaria, lakini usifunge faili. Ukiona gametosaiti peke yake, yaani vimelea vya hatua ya uzazi, zile zenye umbo la ndizi, hiyo mara nyingi ni malaria iliyopita, kwa sababu hubaki wiki nyingi baada ya dawa. Upande wa pili tusijidanganye: falsiparamu, aina ya malaria iliyo kali zaidi, hujificha kwenye mishipa midogo ya ndani, kwa hiyo namba ndogo haimaanishi malaria haiwezi kuwa kali. Inamaanisha endelea kufikiri.

Hatua ya 5: Angalia na wengine waliomo

Slaidi hiyo hiyo inaweza kukuonyesha malale. Kwa Tanzania na Kenya ni aina ya rhodesiense, inakwenda mbio na inaua kwa wiki au miezi, na haina kipimo cha haraka cha kuichuja, hivyo hadubini ndiyo tegemeo. Tone bichi chini ya kifuniko: utaona chembe nyekundu zinasukumwa-sukumwa kabla hujamwona mwenyewe. Mgonjwa aliyetoka kwenye mapori ya Tabora au Kigoma, au mwongoza watalii wa Serengeti, mwulize kama aliumwa na ndorobo na kama palibaki kidonda. Homa ya papasi nayo inaonekana hapa, nyuzi zilizojikunja katikati ya chembe. Mdudu wake si wa jamii ya vimelea hivi, ni bakteria, ila anatupata tukiwa palepale na hadubini. Matende hutafutwa usiku, kati ya saa nne na saa nane.

Hatua ya 6: Sampuli ya virusi

Anayechukua ni aliyefunzwa. Damu nzima, kichupa cha EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) chenye kifuniko cha zambarau, kifungashio cha tabaka tatu, ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, fomu nje ya tabaka la pili isije ikalowa. Kipimo ni PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi. Jambo moja mlishike: kama damu imechukuliwa kabla ya siku tatu kamili tangu dalili zianze, majibu hasi hayamwondolei mgonjwa shaka. Inarudiwa baada ya saa 72 za dalili.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi, Butembo, Kivu Kaskazini: Mwalimu, sisi huku tuliishi na Ebola tangu 2018 mpaka 2020. Mtu aliyegusana na mgonjwa akipata homa na MRDT ikatoka chanya, familia inasema “si mmeona ni malaria, turudishieni mtu wetu.” Tuwajibu nini?

Jibu: Dada yangu, nyinyi ndio wenye kutufundisha. Waambieni kweli: malaria ipo na tunaitibu leo hii, na kipimo cha pili kinasubiri siku yake. Anatibiwa malaria akiwa kwenye chumba chake, haruhusiwi kurudi nyumbani kwa sababu tu MRDT ni chanya. Mnakumbuka Novemba 2018 kule Beni dawa za malaria ziligawiwa nyumba kwa nyumba? Sababu moja ilikuwa hiyo hiyo, kupunguza homa za malaria zinazojaza vituo vya Ebola na kuwakutanisha watu na virusi bure.

Mwanafunzi wa maabara, Mwanza: Shikamoo mwalimu. Kituo chetu kina mashine ya GeneXpert ya kifua kikuu. Nimesikia ina katriji ya Ebola. Kwa nini tusipime wenyewe tukamaliza?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Katriji hiyo ipo na ilifanya kazi kubwa Kivu Kaskazini. Lakini imetengenezwa kwa Ebola ya aina ya Zaire. Haioni Marburg ya Kagera, wala Ebola ya aina ya Sudan iliyotokea Mubende, Uganda, Septemba 2022. Ukipima mgonjwa wa Marburg kwa katriji hiyo utapata hasi safi kabisa, halafu utavua glavu kwa amani. Isitoshe, damu lazima iuliwe virusi kwa kimiminika chake kabla ya kuingia kwenye katriji, na kazi hiyo haifanyiki kwenye meza ya makohozi.

Mganga, zahanati, wilaya ya Ngara: Kaka, unazungumzia mavazi kinga kamili. Sisi tuna boksi moja na nusu la glavu na aproni mbili. Tufanye nini?

Jibu: Msitoboe. Huna ulazima wa kumpima mtu unayemshuku. Ulazima wako ni kumtenga na kutoa taarifa. Simama umbali wa hatua mbili, muulize maswali, mpe maji na choo chake mwenyewe, na ukishuku malaria anza dawa ya kumeza bila kipimo akiweza kumeza. Weka orodha ya kila aliyemgusa. Jiki ya asilimia 3.5 changanya kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, upate asilimia 0.5 ya kufutia na kumwagia matapishi. Soma lebo kwanza, jiki za madukani hazilingani. Hiyo ya 0.5 si ya kunawia mikono.

Mfugaji, Garissa: Mimi si daktari. Mvua kubwa zikinyesha mbuzi wanatoa mimba kwa mkupuo, na watu wanapata homa. Malaria nayo iko juu wakati huohuo. Nitajuaje?

Jibu: Mzee wangu, hiyo ya mbuzi ndiyo habari yenyewe, na sisi wa maabara huwa hatuulizi. Homa ya Bonde la Ufa huenezwa na mbu na kwa kushika damu na mimba za mifugo, na kwenu ilipiga vibaya mwaka 2006 hadi 2007. Huwezi kuitofautisha na malaria kwa macho. Ukifika kituoni sema mwenyewe, hata kama hujaulizwa: “Mifugo yangu inatoa mimba.” Mwambie na daktari wa mifugo. Vile vilivyotoka msiviguse kwa mikono mitupu, na maziwa yachemsheni.

Mzazi, Misungwi: Mtoto wangu wa miaka kumi anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Anacheza mpira, anakula, hana homa. Nimesoma humu nikaogopa.

Jibu: Punguza hofu, mama. Mtoto mwenye afya, hana homa, anaogelea kwenye madimbwi ya huko bara: hiyo inafanana sana na kichocho cha mkojo. Mpeleke kituoni, mkojo wake ukachukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, akiwa ametoka kukimbia kidogo, maana mayai hutoka zaidi saa hizo. Tunatafuta yai lenye mwiba mwishoni. Lenye mwiba ubavuni ni la kichocho cha tumbo, lile tunalitafuta kwenye choo kikubwa, na ndilo lililotawala vijiji vya ufukweni mwa ziwa. Dawa ni prazikwanteli, na wapimwe na wenzake wa dimbwi moja.

Fundi sanifu maabara, Bujumbura: Baada ya kuua virusi kwa kimiminika cha uchunguzi, mabaki tunayamwagia jiki?

Jibu: Hapana, kaka, na nashukuru umeuliza. Vingi vya vimiminika hivyo vina kemikali iitwayo guanidini. Ikikutana na jiki hutoa gesi ya sumu. Mabaki hayo yana chombo chake, yanachomwa kwenye tanuri kama taka za kemikali. Kikimwagika mezani, futa kwanza kwa karatasi na maji yenye sabuni, na jiki ije baada ya hapo.