Kuandika namba ya utambulisho kwenye boti ya uvuvi au ya kukodishwa: vipimo, mahali pa kuweka na rangi

Namba ya boti haiandikwi kwa ajili ya mtu aliyesimama gatini. Msomaji wake ni askari wa doria ambaye boti yake inarushwa na mawimbi huku jua likimpiga machoni, au rubani anayepita juu kwa sekunde chache. Ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye kupima na kuchagua mahali. Brashi ni sehemu ndogo tu.

Vipimo vilivyo hapa ni vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), vilivyopitishwa mwaka 1989 kwa vyombo vya uvuvi. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC), ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, inataka meli zilizo kwenye orodha yake ya vibali ziwekwe alama kwa viwango vinavyokubalika kama hivi. Kwa boti inayovua maji ya nchi yake, kanuni za nchi na masharti ya leseni ndiyo yanayotangulia. Leseni yako ikitaja kipimo kingine, fuata leseni.

Hatua ya 1: Jua unaandika nini

Boti iliyopewa alama ya wito ya redio, yaani herufi na tarakimu zinazoitambulisha hewani, huandika alama hiyo yenyewe. Mwanzo wake hutoka katika mgao wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU): Tanzania ina 5H na 5I, Kenya ina 5Y na 5Z. Boti isiyo na alama ya wito, kwa mpango wa FAO, huandika alama ya nchi kutoka mgao huohuo, kistari, kisha namba ya leseni au ya usajili.

Hapa tutapigia hesabu 5H-4732, ambayo ni mfano tu. Wewe nakili kutoka kwenye cheti chako, herufi kwa herufi. Usiongeze kistari ambacho cheti hakina, wala usiruke sifuri ya mwanzo kwa kuiona haina kazi. FAO inashauri mamlaka za nchi ziepuke tarakimu 1 na 0 zinapotoa namba za leseni au za usajili, kwa sababu kwa mbali husomeka I na O. Hilo ni la mtoa namba, lakini fundi naye ana lake: 5 yenye mgongo wa mviringo hugeuka S, na 2 iliyonyooshwa sana hugeuka Z. Tumia herufi kubwa za wima, zisizo na mikia wala vivuli. Mapambo, maua na methali za ubavuni tunazozipenda Pwani zipewe nafasi yake mbali na namba.

Hatua ya 2: Pima boti, upate kimo cha herufi

Kinachopimwa ni urefu wote wa chombo, kutoka ncha ya omo hadi mwisho wa tezi. Kimo cha chini cha herufi za ubavuni ni hiki:

- mita 25 na zaidi: mita 1
- mita 20 hadi chini ya 25: sentimita 80
- mita 15 hadi chini ya 20: sentimita 60
- mita 12 hadi chini ya 15: sentimita 40
- mita 5 hadi chini ya 12: sentimita 30
- chini ya mita 5: sentimita 10

Namba ya juu ya sitaha ni sentimita 30 kwa boti ya mita 5 na zaidi, na sentimita 10 kwa iliyo chini ya hapo.

Angalia mpaka wa mita 12. Boti ya mita 11.9 na ya mita 12.1 zikikaa pamoja ufukweni huwezi kuzitofautisha kwa macho, lakini moja inadai sentimita 30 na nyingine 40. Usikadirie, vuta futi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bao zima, yaani namba pamoja na rangi yake ya nyuma

Kila kipimo kingine huzaliwa na kimo. Kwa boti ya mita 11, kimo ni sentimita 30, kwa hiyo:

Unene wa mstari wa herufi ni kimo gawanya kwa 6, yaani sentimita 5. Nafasi kati ya herufi isipungue moja ya sita ya kimo (sentimita 5) wala isizidi robo (sentimita 7.5). Herufi mbili zenye mbavu za mshazari zikikaa pamoja, kama A na V, husogezwa karibu zaidi: kati ya sentimita 3 na 3.75, la sivyo macho huona pengo. Kistari kina urefu wa nusu ya kimo, sentimita 15. Rangi ya nyuma lazima ivuke herufi pande zote kwa angalau sentimita 5.

Upana wa herufi unatakiwa uwe na uwiano na kimo. Theluthi mbili ya kimo hutoa umbo zuri, yaani sentimita 20. Sasa jumlisha 5H-4732: herufi na tarakimu 6 kwa sentimita 20 ni 120, kistari 15, nafasi 6 za sentimita 6 ni 36. Jumla 171. Ongeza ukingo wa sentimita 5 kila upande, bao linakuwa sentimita 181 kwa 40. Boti ikiwa fupi ya nafasi, bana nafasi hadi sentimita 5 na bao litashuka hadi 175. Kimo usikiguse. Kosa la kawaida ni fundi kuanza kuandika bila hesabu hii, akafika tarakimu ya tatu na kuona ubavu unaisha, kisha zilizobaki zikawa nyembamba na kubanana.

Hatua ya 4: Chagua mahali ubavuni

Namba huwekwa pande zote mbili, juu kadiri inavyowezekana kutoka mstari wa maji, kwenye ubavu au kwenye kuta za kibanda. Epuka pale omo linapotanuka na pale tezi linapojikunja. Herufi iliyo kwenye mkunjo humwangalia samaki au mbingu, si msomaji.

Kabla ya kuamua, itazame boti ikiwa kazini, si ikiwa tupu. Nyavu zinaning'inia wapi? Dema hupangwa wapi? Tairi za kinga zinafunika nini? Maji ya sitaha na pampu ya ngama yanatokea tundu gani? Chini ya tundu hilo namba itakuwa na michirizi ya kutu na mafuta ndani ya miezi michache. Upande wa kuvutia nyavu husuguliwa kila siku, na wino wa ngisi na damu ya samaki hutia madoa. Pakia mafuta, barafu na watu, kisha hakikisha hakuna sehemu ya namba inayogusa maji.

Mashua au jahazi linaweza kuongeza namba kwenye tanga, lakini iliyo kwenye tanga haiondoi ile ya ubavuni. Boti ndogo inayobebwa na chombo kikubwa kwa ajili ya kuvulia hubeba namba ileile ya mama yake.

Hatua ya 5: Chora

Boti iliyokaa mchangani huwa imelala upande kidogo, kwa hiyo pima maji itakudanganya. Ukingo wa juu wa boti nao umepinda. Pimia kutoka mstari wa maji kwenda juu, weka alama mbili mbalimbali, kisha piga uzi wa chaki.

Kata violezo vya karatasi ngumu au plaiwudi nyembamba. Namba husomeka kushoto kwenda kulia pande zote mbili: upande wa kushoto wa boti huanzia karibu na omo, upande wa kulia huanzia karibu na tezi. Fundi akigeuza kiolezo ili "kilingane" na upande wa pili, 4 na 7 hutoka kinyume. Ukimaliza kuchora, rudi nyuma hatua hamsini utazame. Makosa ya mstari huonekana hapo.

Hatua ya 6: Andaa na upake

Rangi zinazokubalika ni mbili tu: nyeupe juu ya nyeusi, au nyeusi juu ya nyeupe. Buluu na dhahabu hupendeza kwenye boti za watalii, ila jua likizama hazisomeki. Kama ubavu ni mweupe, nyeusi juu ya nyeupe ina kazi nafuu, maana nyeupe juu ya nyeusi hudai mikono mingi ya rangi hadi ifunike.

Faiba mpya ina nta iliyobaki kutoka kwenye kalibu. Ifute kwanza kwa kiyeyushi na vitambaa safi, ndipo upige msasa namba 220. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani, na rangi itabanduka kama ganda. Mbao ziwe zimekauka kabisa, zipate praima, kisha rangi ya baharini iliyo bora. Rangi ya nyumba haivumilii chumvi.

Paka asubuhi umande ukishakauka. Mchana ubavu huchemka, brashi hukwama na kuacha mistari. Mikono miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito unaochirizika. Tepu ya karatasi itolewe rangi ikiwa bado inanata kidogo. Ikikauka kabisa hung'oa kingo. Rangi inayoakisi mwanga inaruhusiwa.

Hatua ya 7: Juu ya sitaha

Namba hii hukaa kwa kukingama, kutoka upande hadi upande, vichwa vya herufi vikielekea omo. Ukifunga turubai inayoifunika, turubai nayo iandikwe. Boti nyingi za kukodishwa zina paa gumu, na hapo ndipo mahali pake panapofaa. Chombo kisicho na sitaha hakilazimiki, ila kinashauriwa kufunga ubao unaoonekana kutoka angani.

Boti inayovua leo na kubeba wageni kesho

Wenye boti za kukodishwa huuliza kama wanaweza kutumia vibao vya kufunga na kufungua. Marekani, katika maji ya shirikisho ya kaskazini-mashariki, boti zinazobeba wavuvi wa burudani zimeruhusiwa alama zisizo za kudumu, mradi vipimo na mahali ni vilevile: inchi 3 kwa boti ya futi 25 au pungufu, inchi 10 kwa zaidi ya hapo, na inchi 18 kwa zaidi ya futi 65. Usiichukue kama ruhusa ya huku. Uliza ofisi iliyokupa leseni. Ukikubaliwa, funga kibao kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, si kamba.

Kila boti inapopandishwa kukwanguliwa, osha namba na urudishie palipofifia. Namba ikibadilika baada ya kuuza au kusajili upya, usipake juu ya ile ya zamani tu. Unene wa rangi yake utaonekana jua likiwa upande, na chombo kitasomeka kwa namba mbili. Ipige msasa mpaka kidole kisisikie ukingo, ndipo uanze.