SOMO: Jinsi ya kutumia tovuti za mazoezi mpaka mwili usogee kweli

Wakuu, nyingi ya hizi tovuti ni video za kutazama umekaa. Mimi naongelea zile zinazokuuliza, unajaza ulichofanya, nazo zinakujibu.

Hatua ya 1: kabla hujajisajili andika pembeni wiki iliyopita ulitembea dakika ngapi, usijidanganye. WHO (Shirika la Afya Duniani) kwenye mwongozo wa 2020 wanasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yani yale unaweza kuongea ila kuimba huwezi.

Hatua ya 2: ikikuuliza lengo usiweke la sifa. Kama uko dakika 30 weka 50, utapandisha baadae. Hapa ndo wengi wanaharibu, mtu anaweka hatua 10,000 kwa siku sababu kaona wenzie, na hiyo namba ilianzia Japani miaka ya 1960 kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua, ilikuwa biashara tu.

Hatua ya 3: jaza siku hiyohiyo, ukisubiri jumapili utakuwa unatunga. Na kile kisanduku cha "umelalaje, unajisikiaje" msikiruke jamani, maana baada ya wiki kadhaa unafungua grafu unaona siku ulizotembea usingizi ulikuwaje na siku ulizolala kwenye kochi ukawaje.

Hatua ya 4: ingia setingi, ficha lokesheni ya nyumbani. Mwaka 2018 watu waligundua ramani ya Strava, app ya kurekodi mbio na mazoezi, imeanika njia wanazokimbilia askari ndani ya kambi za jeshi, sembuse wewe.

MASWALI

Swali: Sina saa ya kisasa, itawezekana?
Jibu: Sana tu. Simu mfukoni, au jaza dakika kwa mkono.

Swali: Kufagia na kufua vinahesabika? Napata dakika tano tano tu.
Jibu: Pumzi ikibadilika vinahesabika mkuu. Zamani WHO walitaka angalau dakika 10 mfululizo, mwongozo wa 2020 umeliondoa hilo.

Swali: Ile orodha ya nani anaongoza inanikatisha tamaa, kila siku mimi wa mwisho.
Jibu: Izime, tovuti nyingi zinaruhusu. Tafuta wawili watatu wa kiwango chako mfungue grup lenu, mtu akipotea siku mbili mnamuuliza yuko wapi.

Swali: Mimi nina presha, nianze tu?
Jibu: Muone daktari kwanza, tovuti haikupimi. Na kifua kikibana ukiwa mazoezini simama hapohapo, uende hospitali.