Jinsi ya kuandika hadithi ya mji wa zamani wa Magharibi ya Marekani

Kwanza chagua mji mmoja wa kweli na mwaka mmoja, usiseme tu "Magharibi" ukamwaga farasi na bastola. Mi nakushauri Nicodemus, mji mdogo jimbo la Kansas, ulianza 1877, waliouanzisha ni watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao walikua watumwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na inauma sana kwamba hadithi zao haziandikwi vya kutosha.

Kabla ya kuandika chochote jua mhusika wako analala wapi, anakula nini, moto anawasha na nini, maana kule miti ilikua ya kutafuta kwa hiyo watu wakachimba nyumba ardhini. Mama mmoja, Willina Hickman, alifika 1878 akauliza mji uko wapi, mumewe akamuonyesha moshi unatoka chini ya udongo, basi akaanza kulia. Kitu kama hicho kinabeba sura nzima, mapigano ya nini tena?

Wenyeji wa asili wa Marekani usiwafanye maadui wa kupigwa risasi tu. Majira ya baridi ya kwanza njaa ilikua kali, na Waosage, moja ya makabila ya wenyeji hao, waliokua wanatoka kuwinda ndo waliowagawia watu wa Nicodemus chakula.

Mgogoro unao tayari: 1888 reli ikaupita mji pembeni, wafanyabiashara wakaanza kuhamia ng'ambo ya mto Solomon. Mpe mhusika wako duka, mkewe hataki kuhama, wateja wanapungua kila wiki, alafu anza kuandika hapo hapo.