Mafuta yameisha juu ya bahari: jinsi ya kuitua Cessna majini

Mwongozo huu ni wa rubani wa ndege ndogo ya injini moja. Tarakimu ni za Cessna 172S. Aina nyingine, fuata kitabu chake.

1. Mwendo kwanza. Shusha pua, shika noti 68, yaani kilomita 126 kwa saa. Kisha badili tangi na uwashe pampu. Injini ikigoma, achana nayo. Kutoka futi 5,000, pasipo upepo, utafika kilomita 14 hivi. Ufuko ulio mbali zaidi ya hapo usiutamani: kuvuta usukani hakuongezi safari, kunaua mwendo.

2. Ita. "Mayday" mara tatu, mahali ulipo, idadi ya watu. Kama hamna anayekusikiliza, hamia masafa ya dharura, 121.5 MHz, na transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) iweke 7700, namba ya dharura. Ukiona meli, tua karibu nayo. Mwaka 2015 rubani wa Cirrus SR22 aliyeshindwa kuyapata mafuta ya tangi la ziada akielekea Hawaii alishuka kwa parachuti ya ndege, akaokolewa na meli ya kitalii Veendam.

3. Jaketi la kuokolea: livaeni, msilijaze hewa. Hapa rudia mpaka abiria wakuchoke. Novemba 23, 1996, Boeing 767 ya Ethiopian iliyotekwa ikielekea Nairobi iliishiwa mafuta, ikaangukia baharini Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza jaketi wakiwa ndani. Maji yalipopanda, jaketi likawabana darini, mlango uko chini yao. Kamba ya kulijaza huvutwa nje tu.

4. Soma mawimbi. Povu hudanganya. Tafuta mawimbi marefu yatokayo bahari kuu, utue sambamba nayo, juu ya mgongo wa wimbi. Upepo ukiwa mkali mno, elekea upepo, lakini usigonge uso wa wimbi linalokuja.

5. Kutua. Injini imezimika, kwa hiyo noti 70 bila flapu (vibao vya nyuma ya bawa), au 65 kwa flapu nyuzi 10. Vitasa vya milango vifunguliwe kabla ya kugusa maji, isije ikakwama bodi ikipinda. Usijaribu kuelea juu ya maji ukingoja: kimo chako juu ya maji hakikadiriki kwa macho. Magurudumu yatashika maji. Ndege inaweza kupinduka.

6. Kutoka. Mkono mmoja ushike fremu ya mlango, mwingine ufungue mkanda, ndege ikishatulia. Mlango ukigoma, fungua dirisha, maji yaingie, shinikizo lilingane, utafunguka. Rafu, yaani boti ya kuokolea ya kujaza hewa, ishikwe kamba kabla ya kujazwa nje, la sivyo upepo unaondoka nayo.